Nilipoulizwa Kama Namfahamu

Nyumbani,
Ghorofa ya pili, juu ya duka la vioo.
Jumapili, tarehe kumi na nne.

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba goti lile linalokusumbua wakati wa baridi limekupa nafasi ya kupumua. Yule mzee unayemtunza anaendeleaje? Mara ya mwisho ulisema anakataa kula mpaka umwimbie, tukacheka kwamba hata huko mbali umekutana na mtu wa ukoo wetu. Msalimie, ingawa hatumjui.

Sisi huku miili ni mizima. Presha ya Mama imetulia. Masikio ndiyo yale yale, siku yameamka, siku yamelala. Shemeji yako bado anapanda nguzo za umeme na kurudi na suruali zimechanika magotini, na bado anadai ni kosa la suruali. Dari juu ya kitanda chako cha zamani imeacha kuvuja.

Najua umeshangaa kwamba Kengele hakupigii tena. Alikwambia simu yake imeharibika. Dada, simu ya mwanao ni nzima. Kuna jambo anakuficha, na analificha kwa ajili yangu, si kwa ajili yake. Ndiyo maana leo nimeshika kalamu. Nimetaka kukupigia, nikaiweka simu, nikaishika tena, nikaiweka. Nikikupigia nitalia, na ukinisikia nalia utaanza kunibembeleza kama ulivyozoea tangu utoto wetu. Safari hii sistahili kubembelezwa. Kwenye karatasi huwezi kunikatiza. Soma mpaka mwisho, halafu useme utakalo.

Nilikwambia kwamba watu wa televisheni wameniita kwenye sherehe ya tuzo za muziki. Walitaka watu watatu wakae mezani kando ya jukwaa, na kila msanii akimaliza kuimba, wao wamchambue papo hapo, moja kwa moja hewani. Mmoja alikuwa mpiga tarumbeta wa bendi za zamani, na watu wenyewe wanamwita Tarumbeta. Wa pili kijana wa redioni, anayeongea kama mtu anayekimbizwa. Wa tatu mimi, kwa sababu ya kwaya ya shule yetu kushinda mwaka jana. Kwenye skrini, chini ya uso wangu, waliandika "Mtaalamu wa Sauti".

Nisikufiche, nilivimba. Gauni la bluu nililirudisha kwa fundi likapunguzwa kiuno. Wanafunzi waliandika ubaoni "Mwalimu wetu kwenye tuzo", nami niliingia darasani nikajifanya sijaona, kisha nikakataza maneno yale yasifutwe. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na mimi nilikuwa nimesifiwa mpaka nimejaa.

Kengele naye alikuwa na kazi siku hiyo. Alikuwa mwitikiaji wa yule mwimbaji wanayemwita Dhahabu. Kazi hiyo aliitafuta mwenyewe, akajaribiwa, akachukuliwa, wala hakutaja jina langu. Asubuhi tulipiga pasi nguo zetu kwenye meza moja. Akanitania, "Mama mdogo, leo ukifika kwangu usiwe mkali." Nikamwambia waitikiaji hawachambuliwi, yeye aitikie tu. Tukaondoka kila mtu na njia yake, kwa sababu wao walitakiwa mapema. Pale kwenye kituo cha televisheni hakuna aliyejua kwamba ni mtoto wa dada yangu. Sikuona haja ya kuwaambia.

Sasa nikueleze maonyesho yalivyokuwa, maana najua unapenda habari za muziki na huko hukuziona. Na pia kwa sababu aibu yangu haikuanzia kwa mwanao. Ilianza mapema, mimi ndiye sikuitambua.

Aliyefungua ni yule kijana anayetajwa kila mahali mwaka huu. Alishushwa kutoka darini kwa kamba, moshi mweupe umejaa, wachezaji wamevaa viatu vinavyowaka taa. Watu walisimama juu ya viti. Dada, yule mtu hakuimba. Nilikuwa karibu naye kama ulivyo karibu na jiko ukipika. Alishusha kipaza sauti ajifute jasho, na sauti ikaendelea kuimba bila yeye. Mishipa ya shingo haikutikisika. Miaka yote hii nafundisha watu kupumua, shingo inayoimba naijua. Alikuwa anachezesha midomo juu ya sauti iliyorekodiwa.

Nilitaka kusema. Lakini walikuwa wametuwekea kidude sikioni, na humo mwongozaji wa kipindi akaniambia taratibu, "Mwalimu, huyu tumpeleke vizuri, ndiye mtu wetu wa leo." Basi nikasema, "Sauti imekomaa, na pumzi ameitawala." Pumzi, Dada. Tarumbeta alinitazama kwa pembe ya jicho, akakohoa ndani ya ngumi yake.

Wakafuata vijana wa bendi, ngoma nzito, besi imelegea kidogo. Niliwaambia wakaze nyuzi, wakapokea vizuri. Hapo nilifanya kazi yangu.

Kisha akaja mama mmoja mtu mzima na gitaa. Walimwekea kiti katikati ya jukwaa tupu, hana moshi wala mchezaji. Sauti yake ya juu imekwisha, umri umeichukua, lakini ile iliyobaki aliitumia kama mtu anayemlaza mtoto kitandani bila kumwamsha. Kila neno lilitua. Ukumbi ulikuwa unaongea, watu wanatafutana kwa simu. Mimi mkono wangu ulisimama vinyweleo. Nilitaka kusema kwamba tangu tuanze, huyu ndiye wa kwanza kuimba hasa. Sikioni nikaambiwa, "Fupi, fupi, kuna tangazo." Nikasema, "Hongera sana mama, umetukumbusha mbali." Maneno ya kumpungia mtu kituo cha basi.

Baada ya matangazo alitakiwa Dhahabu. Nyuma ya pazia nikaona watu wanakimbizana. Baadaye ndipo nilijua kwamba sauti yake ilikuwa imekauka tangu mchana, akanywa maji ya moto na tangawizi wee, haikurudi. Dakika ya mwisho akagoma kutoka. Kipindi ni cha moja kwa moja, shimo haliachwi. Mwongozaji akawauliza waitikiaji nani anaujua wimbo wote. Kengele anaujua neno kwa neno. Akanyoosha mkono.

Nikamwona anatoka na lile gauni jeusi la waitikiaji, na viatu vya chini. Nikuambie kweli, kilichotangulia kilikuwa furaha.

Bendi ikaanza kwa ufunguo wa Dhahabu, yaani kwa kimo cha sauti yake. Dhahabu ana sauti nzito, ya chini, na sauti ya mwanao unajua inakaa juu. Ubeti wa kwanza ukamezwa wote, maneno hayasikiki. Akaona hivyo, akapanda juu ghafla ili asikike, na alipofika kwenye kiitikio, juu kukawa juu mno. Tena sikioni hakuwa na kile kifaa cha kujisikilizia, kwa sababu kilikuwa cha Dhahabu na kilibaki naye chumbani. Ngoma zinapiga nyuma yake, yeye mwenyewe hajisikii. Haya yote niliyajua kabla wimbo haujaisha. Mtu yeyote wa kazi yangu angeyajua. Yalihitaji sentensi moja tu: ufunguo si wake, hajisikii, na bado anaimba kwa mdomo wake.

Sauti ikapasuka kwenye kiitikio. Mtu akacheka kwenye viti vya mbele. Kengele akakatisha, bendi ikazunguka kurudi mwanzo wa kiitikio, akaanza tena, ikapasuka pale pale. Kicheko kikaenea ukumbi mzima kama maji yaliyomwagika sakafuni. Yeye akaendelea mpaka mwisho wa wimbo.

Dada, uso wangu uliwaka. Na nilichofikiri wakati ule ni kibaya, lakini nitakiandika. Sikufikiri, "Masikini mtoto." Nilifikiri, "Sasa watajua kwamba huyu nimemfundisha mimi." Mtaalamu wa Sauti, na kazi ya mikono yake ndiyo ile.

Tarumbeta alianza. Akasema, "Binti ana moyo." Basi. Kijana wa redio akasema alidhani ni king'ora cha zimamoto, watu wakacheka. Mtangazaji akanigeukia mimi.

"Mwalimu, huyu binti ni mgeni machoni petu. Wewe unamfahamu?"

Nikasema, "Hapana, simfahamu."

"Na umemsikiaje?"

Nikasema, "Nadhani alikuwa anaelekea jikoni, akapotea njia."

Ukumbi ulipasuka. Hata mwongozaji nilimsikia akicheka ndani ya sikio langu. Na sasa nakuambia jambo ambalo hata shemeji yako sijamwambia. Kile kicheko kilikuwa kitamu. Kwa kitambo kidogo nilikaa ndani yake, nikaona raha, kama mtu aliyeingia maji ya uvuguvugu. Ulimi hauna mfupa, wanasema. Wangu ulikuwa na mfupa siku ile, nami nilijua ninayempiga nao.

Kisha nikatazama jukwaani. Alikuwa hajaondoka. Vipaza sauti vya meza yetu vilikuwa vinasikika ukumbi mzima. Amesimama, ameshika kipaza sauti kwa mikono miwili, ananitazama. Hakuwa na hasira. Alinitazama kama unavyomtazama mtu ukidhani umemfananisha.

Tangu mdogo nimemfundisha kwamba ukiharibu jukwaani usikimbie. Inamisha kichwa, shukuru, ondoka taratibu. Akainamisha kichwa, akaondoka taratibu. Nami pale mezani nikajiambia, angalau hilo nililomfundisha amelishika. Unaona, hata pale nilikuwa najipa maksi.

Waliimba wengine baada yake, nami niliwachambua. Usiniulize nilisema nini.

Sherehe ilipoisha nilimtafuta vyumba vya kuvalia. Waitikiaji wenzake walikuwa wanafunga viatu kwenye mifuko. Mmoja akaniambia, "Ameshaondoka, Mwalimu," bila kuinua uso. Hawakujua kwamba ni mwanangu. Walijua tu kwamba mimi ndiye niliyemcheka mwenzao, na hilo liliwatosha.

Nilifika nyumbani wakati wa chakula cha jioni. Shemeji yako alifungua mlango. Hakusema hongera wala pole. Alisema, "Chakula kipo." Mama alikuwa kwenye kiti chake, televisheni imezimwa. Kengele yuko jikoni, nasikia sahani zinagongana kwenye maji. Nikakaa. Mama akanigeukia.

"Yule wa suti alikuuliza nini? Sikusikia vizuri."

"Lini, Mama?"

"Alipomaliza kuimba huyu mtoto."

Nikasema, "Aliniuliza kama namfahamu."

"Eeh?"

"Aliniuliza kama namfahamu, Mama."

"Ukamjibu nini?"

Nikatazama sahani yangu. "Nilisema simfahamu."

"Sema kwa nguvu. Leo masikio yamelala."

Nikasema kwa nguvu. "Nilisema simfahamu." Jikoni sahani zikanyamaza. Mama akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyepata alichokuwa anatafuta, akaendelea kula. Dada, mpaka leo sijui kama siku ile masikio yake yalikuwa yamelala kweli. Sina ujasiri wa kumuuliza.

Nilimwita Kengele. Akaja anajifuta mikono. Nikamwambia, "Samahani kwa ya leo." Hivyo tu, kama nimemkanyaga kidole kwenye foleni. Akasema, "Hakuna neno, Mama mdogo," akarudi kwenye vyombo.

Afadhali angenitukana. Siku zilizofuata alinipa adabu tupu. Asubuhi shikamoo, jioni pole na kazi, chai imeandaliwa, nguo zimeanuliwa. Lakini kuimba aliacha. Unajua mwanao, bafuni anaimba, ngazini anaimba, akimenya vitunguu anaimba huku analia. Nyumba ikawa kimya, tunasikia saa ya ukutani. Shemeji yako alijaribu kutania, akasema siku hizi akichelewa bafuni hakuna wa kumgongea mlango kwa wimbo. Hakuna aliyecheka, naye akanyanyuka akaenda kukagua soketi ambazo hazikuwa na ubaya wowote.

Majirani wanaomjua hawakusema kitu, na huko ndiko kusema kwenyewe. Yule wa duka la vioo, ambaye hunipigia kelele za salamu kutoka ndani kabisa ya duka, siku hizi ananinyanyulia kidevu tu. Nikipita najiona kwenye vioo vyake vyote, mkubwa na mdogo, na natembea haraka.

Wasiomjua ndio walionipongeza. Kile kipande kilizunguka kwenye simu za watu. Ofisi ya walimu nilipokelewa kwa vicheko na kupigwa mabegani. "Mwalimu, umetuvunja mbavu." Nikatabasamu. Ndiyo, Dada, nilitabasamu.

Kisha watu wa kituo wakanipigia. Wanataka nije kila wiki, nipewe kipindi, watu wamependa ukali wangu. Nikaenda kumwona mwongozaji. Nikamwambia kipindi sikitaki, nataka nafasi fupi tu hewani niseme kwamba yule ni mtoto wa dada yangu na kwamba nilisema uongo. Alikuwa mwema, akaniagizia chai.

"Mwalimu, tukisahihisha kila mzaha tutarusha vipindi saa ngapi?" akasema. "Tena ukisema ni mwanao, watu watadhani tulipanga. Utamharibia zaidi."

"Na yule wa kwanza?" nikamuuliza. "Yule hakuimba."

Akacheka kidogo. "Kila mtu anajua hakuimba."

"Sasa mbona mimi ndiye niliyesema ameimba?"

Akaniambia nikafikirie. Nilikataa kipindi, lakini usinisifu kwa hilo. Kukataa kitu ambacho tayari kinakuchoma mkono si ushujaa.

Lililonivunja lilitokea shuleni. Tulikuwa kwenye mazoezi ya kwaya. Kuna msichana mmoja wa sauti ya pili, mpole, nimehangaika naye muhula mzima mpaka akathubutu kuimba peke yake mstari mmoja. Akauanza vizuri, kisha ukamponyoka. Kutoka nyuma mtu akasema, "Amepotea njia ya jikoni." Darasa zima likacheka, na wakicheka wote walikuwa wananitazama mimi, wakinisubiri nicheke nao, maana mzaha ni wangu. Yule msichana akaketi, akafunga mdomo, akaubana kabisa.

Nikafunga kinanda. Nikawaambia yule binti wa kwenye televisheni ni mtoto wa dada yangu, anaishi kwangu, nimemfundisha mwenyewe, na nilimkana mbele ya watu. Nikawaeleza habari ya ufunguo, habari ya kifaa cha sikioni, na kwamba katika watu walioimba siku ile, waliotumia midomo yao wenyewe wote ningeweza kuwahesabu bila kumaliza vidole, naye akiwamo. Mmoja wa mbele, hodari wa maswali, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, sasa kwa nini ulisema humfahamu?"

"Niliona haya."

"Ulimwonea haya yeye?"

"Ndiyo."

Akafikiri. "Na yeye anajua kwamba umetuambia?"

Nikasema bado. Akaniangalia tu. Ana umri wa mwanao alipokuja kuishi kwangu, na sikuweza kumtazama machoni.

Jioni hiyo nikaenda jikoni. Kengele alikuwa anachambua mchele. Mimi, mchambuzi wa televisheni, nikavuta kigoda nikakaa miguuni pake. Sikusema samahani ya mdomoni. Nilimweleza yote kama nilivyokueleza wewe, isipokuwa utamu wa kile kicheko. Halafu nikaona nikimficha hilo nitakuwa bado namdanganya, nikalisema pia. Mikono yake ikasimama kwenye ungo.

Akasema, "Kuchekwa si kitu, Mama mdogo. Mkono niliunyoosha mwenyewe. Lakini uliposema hunifahamu, nilijitazama gauni. Nikadhani labda kwa mbali sijulikani."

Nikaokota punje iliyoanguka sakafuni, nikairudisha kwenye ungo.

"Na jambo lingine," akasema. "Sikuinamisha kichwa kwa sababu ulinifundisha. Nilikuwa nalia. Sikutaka kamera inione."

Nikamuuliza nifanye nini. Akaokota vijiwe kwenye mchele, akavitupa.

"Mwambie Mama," akasema. "Mimi siwezi kumwambia, na kumdanganya nimechoka. Ni dada yako. Mwambie wewe."

Ndiyo nakuambia, Dada. Ulipoondoka uliniachia mtoto aliyekuwa hajamaliza kubadilisha meno, ukaniambia, "Huyu ni wako mpaka nirudi." Sikukuambia itakuwa rahisi, lakini nilikuambia nitamtunza kama wangu. Nimemlisha, nimemsomesha, nimekesha naye akiumwa, na siku moja tu aliyonihitaji nimfahamu, nikasema simfahamu. Najua utanisamehe, maana ndivyo ulivyo. Naomba usifanye haraka.

Shangazi yake ametuma ujumbe kwamba chumba kipo kwake kama Kengele atataka kuhama. Sikumzuia wala sikumsukuma. Ukiona ni heri aende, nitamfungia mizigo mwenyewe na sitakuwa na kinyongo. Ila umuulize yeye kwanza. Mimi nimekwisha kumsemea vya kutosha.

Kuimba ameanza tena, lakini si kwangu. Yule mama wa gitaa, aliyeimba ameketi, alikuwa amesimama nyuma ya pazia Kengele alipotoka jukwaani. Akamshika mkono, akampa leso, akamwelekeza nyumbani kwake. Kengele akaniomba ruhusa kwa adabu ile ile, kwamba anataka kwenda kujifunza kule kila Jumamosi. Mimi ndiye niliyemfundisha nota ya kwanza, nikimpigia kijiko kwenye glasi. Nilimwambia aende.

Ni mitaa miwili kutoka hapa, baada ya duka la mikate, geti la kijani. Jumamosi mbili sasa namsindikiza. Njiani tunaongea kidogo, bei ya viatu, habari za Mama. Tukifika getini anasema, "Asante, Mama mdogo," anaingia. Jana nilisimama pale nje kidogo. Nikasikia gitaa, kisha nikasikia sauti yake ikianza taratibu, mahali pake, bila kukimbia. Nilijua kosa lilipokuwa kwenye mstari wa pili, na nilijua namna ya kulirekebisha. Yule mama akamsimamisha, akamwambia jambo, akaurudia mstari, ukanyooka. Sikuhitajika. Hajanikaribisha ndani, nami sijaomba. Nikarudi nyumbani kwa miguu.

Mama anakusalimu sana. Anasema uvae soksi nene, na kwamba zile dawa za goti ulizotuma zimemfaa yeye kuliko zilivyokufaa wewe. Shemeji yako anakusalimu, anauliza kama huko nguzo za umeme ni za mti au za chuma. Mama mkwe wangu naye anakusalimu, kwa bahati nzuri hana televisheni. Nisalimie wote unaoishi nao, na mzee wako.

Kengele atakupigia Jumapili ijayo, ukishaipata barua hii. Atakueleza kwa mdomo wake. Pale maneno yake na yangu yatakapotofautiana, shika yake.

Mungu akulinde ugenini, akupe afya na usingizi mzuri, atukutanishe tukiwa bado tunaweza kutazamana.

Ni mimi mdogo wako akupendaye, niliyekukosea.